Gesi au makaa katika safari ya gari la kambi

Msomaji mmoja wa Kampala ameniandikia hivi: "Mimi na mume wangu tumenunua basi dogo la Coaster lililogeuzwa kuwa gari la kambi, lenye vitanda, friji ndogo na jiko la gesi la mafiga mawili ndani. Desemba tunataka kuzunguka wiki mbili na watoto wetu watatu: Ziwa Mburo, Bunyonyi, Queen Elizabeth, Murchison na, Mungu akijalia, Kidepo. Tunatafuta jiko la kuchomea nyama nje ya gari. Mume wangu anasema nyama isiyopita kwenye makaa si nyama choma. Mimi nayaogopa makaa kwa ajili ya watoto, lakini na gesi pia naiogopa. Tununue lipi? Na mvua ikinyesha, tunaweza kupikia chini ya turubai la gari?"

Dada yangu, nunueni jiko la gesi lenye kifuniko, la kuwekwa juu ya meza, pamoja na mtungi wa kilo 6 wa kulilisha. Makaa yawe kitu cha kununua kidogo mahali mtakapokaa zaidi ya usiku mmoja, yasiwe mzigo wa kuzunguka nao nchi nzima. Nimeanza na jibu lenyewe kwa kuwa najua unalihitaji, lakini shemeji atataka sababu, naye ana haki ya kuzipata.

Anayepikia uani kwake hulipima jiko kwa wepisi wa kuwaka na kwa utamu wa nyama. Anayelala ndani ya gari lilelile linalobeba jiko lake anapaswa kuanza kwingine: moto huu utachukua muda gani kufa? Jiko la gesi ukilifunga, moto umekwisha papo hapo, na baada ya nusu saa hivi chuma kimepoa kiasi cha kufutwa na kurudishwa kwenye boksi. Makaa hayafungwi. Saa mbili baada ya chakula utayakuta yamevaa jivu jeupe, hayatoi moshi wala mwanga, na mtoto yeyote atadhani yamezimika. Yageuze kwa koleo uone wekundu ulio chini yake. Makaa ya mti mgumu yaliyozikwa katika jivu lake yanaweza kuushika moto hadi kesho yake. Ninyi mtakuwa mnahama karibu kila asubuhi, na kwa hiyo mtajikuta kati ya mambo mawili mabaya: kupakia jivu lenye moto ndani ya gari, au kulimwaga kwenye nyasi za Desemba.

Hapa naomba unisome polepole. Bunyonyi iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kule baridi hupenya hata ndani ya gari lililofungwa vizuri. Katika nyanda za Kigezi zinazoizunguka Bunyonyi, na vilevile upande wa Kapchorwa, kwenye Mlima Elgon, watu wengi wamezoea kuingiza sigiri, yaani jiko la makaa, chumbani ili kujipasha joto, na vifo vya watu waliolala na sigiri huku mlango umefungwa si habari ngeni nchini kwetu. Makaa yanayoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala haamki kwa kukohoa. Usingizi wake unazidi kuwa mzito tu. Nafasi ya hewa ndani ya Coaster yenye vitanda na makabati ni ndogo, na watu watano wanaivuta hewa hiyo hiyo. Makaa yanayoonekana kufa bado yanaitoa gesi hiyo. Kwa hiyo sigiri isiingie ndani ya gari kabisa: si ya kupasha joto, si ya kupoa, si ya kukwepa mvua, wala isiwekwe ndani ya hema lililounganishwa na mlango wa gari. Nunueni king'ora cha kaboni monoksidi na mkifunge karibu na vitanda. Iwapo wawili au watatu wenu mtaumwa kichwa kwa pamoja, au kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje wote kwanza, maswali yafuate baadaye.

Gesi nayo haina ruhusa ya kupasha joto chumba cha kulala. Mafiga yenu ya ndani yakianza kutoa mwali wa manjano na kuacha masizi chini ya sufuria, hayaungui sawasawa nayo yanazalisha sumu ileile. Mwali mzuri ni wa buluu.

Sasa nizungumze na shemeji kuhusu ladha, kwa sababu hoja yake ina ukweli ndani yake, ingawa si ukweli wote. Harufu tunayoiita ya nyama choma hutokana kwa sehemu kubwa na mafuta na majimaji ya nyama yanayodondoka kwenye joto kali, yakageuka moshi na kuirudia nyama. Makaa mazuri yenyewe yamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya moshi wake wa kuni huko tanurini, na ndiyo maana hayamtoi mpishi machozi. Jiko la gesi lililotengenezwa vizuri lina vibamba vya chuma, au mawe ya volkano, juu ya mwali. Tone la mafuta likiangukia hapo linafanya kazi ileile. Makaa hushinda kwa namna ya joto lake, ambalo ni kavu, kali, na hupiga nyama moja kwa moja kama jua la mchana, wakati gesi inapoungua hutoa pia mvuke wa maji. Jiko dogo la gesi lisilo na nguvu huishia kuitokosa nyama badala ya kuichoma, na nadhani wengi wanaoidharau gesi waliwahi kulishwa nyama ya jiko la namna hiyo.

Dawa yake inajulikana. Kwa familia ya watu watano chagueni jiko la kilowati 3 au zaidi. Liwasheni, mfunike, na mliache dakika 10 hadi 15 kabla nyama haijagusa wavu. Nyama ipanguswe iwe kavu, ipakwe mafuta kidogo, isirundikwe. Samaki mzima, kama ngege, ataachia wavu mwenyewe ngozi yake ikiiva; akinata, bado hajawa tayari kugeuzwa, na ukimlazimisha ngozi itabaki kwenye chuma. Kwa mishikaki, kuku wa vipande, samaki, gonja (ndizi za kuchoma) na mahindi, sioni sababu ya kubeba makaa. Kwa paja la mbuzi au mbavu nene zinazotaka saa nzima na zaidi za joto la taratibu, nakubali kwamba makaa ni bora. Lakini mtapita Lukaya mkielekea Masaka, na wachomaji wa kandokando ya barabara pale wanaifanya kazi hiyo kwa makaa siku zote. Nunueni kwao, mle, muendelee na safari.

Kuhusu matumizi, hesabu ni rahisi. Jiko la kilowati 3 likiwaka kwa nguvu zake zote hula takriban gramu 230 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 utakupa saa 25 hivi, maana yake hata mkichoma kwa saa moja na nusu kila siku, wiki mbili zitakwisha na gesi ingali imebaki. Makaa kwa mlo mmoja wa watu watano ni kilo moja na nusu hadi mbili, na hayo huendelea kuungua hata baada ya nyama kutolewa. Kwa wiki mbili hizo ni nusu gunia au karibu yake, lenye vumbi jeusi litakaloingia kwenye mashuka, na lisilofaa kitu likinyeshewa.

Makaa yana sifa moja ambayo gesi haina: yanapatikana katika kila senta ya biashara. Gesi utaipata kwenye vituo vya mafuta vya Masaka, Mbarara, Kabale, Fort Portal na Gulu, lakini mkishapita Kitgum kuelekea Kidepo msitegemee kubadilisha mtungi. Tena mitungi hubadilishwa kwa kampuni yake, na valvu za kampuni hazifanani zote. Chukueni mtungi wa kampuni yenye vituo vingi katika njia yenu, na mhakikishe unajaa kabla hamjaondoka Gulu.

Upande wa kaskazini kuna jambo jingine. Mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya utendaji namba 3, iliyopiga marufuku ukataji wa miti kwa biashara ya makaa katika kaskazini na kaskazini mashariki. Miongoni mwa miti iliyokuwa ikiangamia ni ya shea, ambayo akina mama wa Acholi na Lango huzikamua mbegu zake mafuta, na ambayo huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa matunda. Gunia linalouzwa kando ya barabara huko halina cheti kinachokueleza limetokana na mti gani. Ningekuwa katika safari yenu nisingelinunua, hata kama bei yake ingenivutia, na nawaomba nanyi msilinunue.

Turudi kwenye hofu yako ya gesi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani; inashuka, inajaa sakafuni, inajificha chini ya vitanda, na harufu ile mbaya iliyowekwa makusudi na watengenezaji ndiyo inayokuonya. Kwa sababu hiyo sanduku la mtungi liwe na matundu yanayotoka nje kupitia chini kabisa, si juu, na lisiwe na upenyo wa kuingia chumbani. Mtungi usimame wima, ufungwe mkanda usitikisike, na gari likiwa linakwenda valvu iwe imefungwa. Mtungi wa jiko la nje usiwekwe chini ya kitanda hata kwa usiku mmoja, hata ukiwa mtupu, kwa kuwa mtungi unaoitwa mtupu huwa na gesi bado.

Kabla ya kulipia jiko, geuza usome kibati chake. Kuna namba inayotaja presha kwa milibari, mara nyingi 30, na kwenye majiko mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Ujerumani ni 50. Namba hiyo ilingane na ile iliyoandikwa kwenye regyuleta yenu, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka mtungini. Jiko la 50 likipewa 30 litakuwa goigoi. Jiko la 30 likipewa 50 litatoa miali mirefu isiyotulia. Kama Coaster yenu ina soketi ya gesi ubavuni kwa ajili ya jiko la nje, kumbukeni kwamba gesi inayotoka pale imekwisha kupita kwenye regyuleta ya gari. Mkiunganisha hapo jiko lenye regyuleta yake nyingine kwenye mpira, mtapata mwali dhaifu, na fundi asiyejua atawauzia jiko jipya bila sababu.

Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa gesi, usiozidi mita moja na nusu, usio na nyufa ukiukunja, uliobanwa kwa klipu za chuma ncha zote mbili. Barabara za murram hulegeza klipu na nati, kwa hiyo kila mnapofika baada ya mwendo mbaya fanyeni jaribio la sabuni. Koroga sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo kikombeni. Fungua valvu ya mtungi huku vitufe vya jiko vimefungwa, kisha upake lile povu kwa brashi kwenye shingo ya mtungi, kwenye regyuleta, na kwenye ncha mbili za mpira. Tazama bila haraka. Povu la kawaida hupasuka na kutulia. Penye uvujaji utaona kiputo kinachokua polepole mahali palepale, kikapasuka, na kingine kikaanza kukua. Hapo funga mtungi, kaza, rudia. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Kazi hii ni ya dakika tatu, na mwanao mkubwa anaweza kufundishwa kuitazama pamoja nawe.

Mtauziwa pia majiko madogo yanayotumia mikebe ya gesi ya gramu 220 hivi. Yanafaa kwa chai. Kwa kuchomea nyama siyapendekezi: ukiweka juu yake kikaango kipana au kibamba kinachofunika sehemu ya mkebe, joto hurudi kwenye mkebe nao unaweza kulipuka, na mikebe yenyewe haitakiwi kufikia nyuzi 50 za selsiasi, joto ambalo gari lililofungwa juani linaweza kulizidi.

Katika hifadhi, waulizeni askari wa Mamlaka ya Wanyamapori mnapofika mahali moto unaporuhusiwa, nanyi msiokote kuni humo. Desemba ni mwanzo wa kiangazi kirefu cha Kidepo. Nyasi zimekauka, upepo ni mkali, na cheche moja ya makaa inaweza kusafiri mbali kuliko unavyodhani. Wekeni jiko kwenye ardhi tupu au juu ya meza ya chuma, mita 3 hivi kutoka kwenye gari, upande ambao upepo unauondoa moshi kwenye mlango wenu. Msilizungushie jiko la gesi ngao ya upepo pande zote, maana joto litarudi kwenye mpira na mtungi; kingeni upande mmoja tu.

Pikeni mapema. Huko Ziwa Mburo viboko hutoka majini usiku kuja kula nyasi hadi kwenye kambi iliyo kando ya ziwa, na mpishi anayesubiri makaa yashike huku giza likiingia amejiweka pabaya. Kwa gesi mnaweza kuanza saa kumi na moja jioni na kuwa mmekwisha kuosha vyombo kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Trei ya mafuta isibaki nje hata kidogo: Mweya, ndani ya Queen Elizabeth, kuna ngiri na nguchiro wasiowaogopa watu, nyani hawahitaji kualikwa mara mbili, na fisi hufuata harufu hiyo. Mwageni mafuta kwenye kopo lenye kifuniko, futeni wavu ungali na joto, kisha jiko lote liingie ndani.

Nimesema makaa yanunuliwe kidogo, basi nieleze namna. Mkipanga kukaa Bunyonyi usiku mbili au tatu, kwenye kambi inayoruhusu, nunueni sigiri ndogo na debe moja la makaa, mpeni shemeji nafasi yake. Chukueni kopo kubwa la maziwa ya unga, mliondoe kitako, mlitoboe matundu pembeni karibu na chini. Lisimamisheni ndani ya sigiri, gazeti lililokunjwa chini, makaa juu, mwashe gazeti. Baada ya robo saa au zaidi kidogo makaa ya juu yataanza kuwa meupe kwenye kingo. Inueni kopo kwa koleo, nayo yatatawanyika yenyewe. Petroli isikaribie hapo kabisa, na mafuta ya taa huacha harufu yake kwenye nyama. Weka kiganja juu ya wavu, umbali wa sentimita 10 hivi: ukilazimika kukiondoa baada ya sekunde mbili au tatu, joto ni la mishikaki, ukivumilia sekunde tano au sita, ni la mbavu. Watoto wachorewe mstari ardhini ambao hawauvuki. Baada ya kula, chukua kaa moja moja kwa koleo ulitumbukize kwenye ndoo ya maji, kisha mimina maji kwenye jivu, ukoroge, umimine tena, mpaka uweze kuligusa kwa mgongo wa mkono. Makaa yaliyozimwa hivyo yakianikwa juani yatawaka tena kesho, na siku ya kuondoka yaliyobaki muwaachie wenye kambi.

Kuhusu mvua: chini ya turubai lililofungwa kwenye ubavu wa gari, makaa hapana, kwa sababu ya cheche na kwa sababu ya ile sumu, ambayo inaweza kuingia kupitia mlango na madirisha. Jiko la gesi linaweza kusimama kwenye ukingo wa nje kabisa wa turubai, pande tatu zikiwa wazi, kifuniko kikifungukia upande wa nje, na mlango na madirisha ya upande huo yakiwa yamefungwa. Nyama yenye mafuta mengi isichomwe hapo, kwani mafuta yakishika moto mwali hupanda ghafla na turubai nyingi ni za plastiki. Mvua ya Kabale ikizidi na upepo ukaanza kuisukuma ndani, funga valvu ya mtungi kwanza, acha mwali uimalize gesi iliyo kwenye mpira, ufunge na vitufe vya jiko, kisha imalizie nyama kwenye sufuria juu ya mafiga ya ndani, dirisha la upande wa pili na tundu la paa vikiwa wazi.